Kingamwili ya otoferlini haitampima mtoto wa Ujiji

Tangu mwaka 2024, habari za watoto waliozaliwa viziwi na kuanza kusikia baada ya kutiwa jeni sikioni zimekuwa zikizunguka kwenye simu zetu huku Kigoma na Tabora. Mara nyingi zinafika zikiwa zimekatwakatwa: video ya mtoto anayegeuka anapoitwa jina, na chini yake maneno machache ya kumshukuru Mungu. Nyuma ya habari hizo limefuata jambo jingine, na ndilo lililonisukuma kuandika. Wazazi, na hata baadhi ya wahudumu wa afya, wamesikia kwamba ipo kingamwili, yaani chembe ya kinga inayoshikamana na protini moja maalumu, inayogundua protini ya sikio la ndani. Wameona picha ya kichupa chake mtandaoni, kina bei, kinauzwa kama bidhaa yoyote. Wakahitimisha kwamba kipimo cha uziwi wa kurithi kipo tayari, na kinachosubiriwa ni fedha za kukileta katika hospitali zetu za mkoa, Maweni ya Kigoma na Kitete ya Tabora. Hitimisho hilo si sahihi, na madhara yake si madogo. Kingamwili hiyo ni chombo cha mtafiti aliye na kipande cha nyama ya sikio chini ya hadubini. Haiwezi kumwambia mzazi neno lolote kuhusu mtoto wake aliye hai. Wapo pia wanaojibu kwa kutupa mkono, kwamba hayo ni mambo ya Ulaya, Marekani na China, sisi hayatuhusu. Nao wamekosea. Tukiielewa kingamwili hii kwa kazi yake halisi, tutaona kwamba pengo letu lipo kwingine kabisa: katika kumpima mtoto mchanga usikivu kwa njia isiyomruka, na katika kusoma vinasaba vya familia za mikoa hii.

Nianze na protini yenyewe, kwa sababu wengi wanaijadili bila kujua inafanya nini. Inaitwa otoferlini. Jeni inayoitengeneza, OTOF, iko kwenye kromosomu namba 2. Ilitambuliwa mwaka 1999 na kundi la Christine Petit wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, waliokuwa wakichunguza familia ambazo watoto huzaliwa viziwi ilhali wazazi wote wawili wanasikia vizuri. Ndani zaidi ya kiwambo cha sikio na vile vifupa vitatu kuna koklea, kiungo kidogo kilichojaa maji na kujizungusha kama kombe la konokono. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo. Safu moja ya ndani ina seli zipatazo 3,500 katika kila sikio, na safu tatu za nje zina takriban 12,000. Seli za nje huukuza mtikisiko wa sauti. Seli za ndani ndizo zinazopeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Sauti inapofika, seli ya ndani humwaga kemikali kutoka kwenye vifuko vidogo sana kuelekea ncha ya mshipa, na otoferlini ndiyo inayoviwezesha vifuko hivyo kumwaga kwa kasi na kujipanga upya. Mwaka 2006 jambo hili lilionyeshwa kwa panya: ukiiondoa otoferlini, seli hubaki nzima, vinyweleo hutikisika, lakini karibu hakuna kinachovuka kwenda upande wa pili. Sikio linapokea sauti na ubongo haupati habari. Miongoni mwa watoto wanaozaliwa na uziwi wa kurithi usioambatana na maradhi mengine, wenye hitilafu ya jeni hii hukadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 8, kutegemea jamii iliyochunguzwa.

Tiba yenyewe ilikuwa na kikwazo cha ukubwa. Jeni hupelekwa ndani ya seli kwa kubebwa na kirusi kidogo kilichoondolewa uwezo wa kudhuru, kiitwacho AAV, ambacho kinabeba herufi zipatazo 4,700 za kinasaba. Maelekezo ya kutengeneza otoferlini yanahitaji herufi kama 6,000. Watafiti wakayagawa mara mbili, kila nusu ndani ya kirusi chake, ili zikutane ndani ya seli na kuungana. Mwezi wa Januari 2024 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya watoto sita waliotibiwa Shanghai kwa njia hii, na watano kati yao walipata kusikia. Mwezi huohuo hospitali ya watoto ya Philadelphia nchini Marekani ilitangaza habari za mvulana wa miaka 11, mzaliwa wa Morocco, aliyesikia sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Haya yametokea kweli, na ni makubwa. Sina haja ya kuyapunguza.

Kingamwili inaingia wapi hapo? Mwili wa mnyama ukikutana na protini ngeni hutengeneza kingamwili zinazoshikamana na protini hiyo na kuziacha nyingine. Watafiti huchukua kipande cha otoferlini, wakamchanja sungura au panya, kisha wakavuna kingamwili zake. Tangu mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walipovumbua mjini Cambridge njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu bila kikomo, ugunduzi uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, biashara ya vitendanishi hivi imekuwa kubwa mno duniani. Mtafiti hununua kichupa chenye matone machache, kwa mamia ya dola, na kukisafirisha kikiwa kwenye baridi kali. Hulainisha koklea ya panya, huikata au kuikunjua, huidondoshea kingamwili hiyo, kisha huongeza kingamwili ya pili iliyobeba rangi inayong'aa. Chini ya hadubini, ile safu moja ya seli za ndani inawaka. Hapo anajua protini ipo, na ipo mahali pake. Kwenye lebo ya kichupa huandikwa kwamba ni kwa matumizi ya utafiti pekee, si kwa uchunguzi wa mgonjwa. Maneno hayo ni ya kisheria na yana uzito. Ndiyo mstari ambao wengi wa wanaosambaza picha ile hawajausoma.

Hata hivyo, sitaki kumbeza aliyedhani ni kipimo. Mama mmoja alinionyesha picha ya kichupa hicho kwenye simu yake pale Mwanga, mjini Kigoma, akaniuliza, "Kaka, mbona malaria mnapima hapohapo zahanati, hii inashindikana nini?" Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyowahi kuyasikia kuhusu jambo hili. Kile kipimo cha haraka cha malaria, chenye tone la damu na mistari miwili, kinafanya kazi kwa kingamwili. Kwenye utepe wake zimebandikwa kingamwili zinazoikamata protini ya kimelea iitwayo HRP2. Kipimo cha mimba nacho ni kingamwili zinazoikamata homoni kwenye mkojo. Mtu wa Kigoma au Tabora, mikoa ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa yenye malaria nyingi zaidi nchini, amezoea tangu utotoni kwamba kingamwili ikikutana na protini yake, jibu linatoka ndani ya dakika 15 au 20. Ni haki aulize kwa nini sikio lisifanyiwe hivyohivyo.

Jibu la kwanza ni kwamba HRP2 humwagwa na kimelea ndani ya damu, na damu tunaifikia kwa kuchoma kidole. Otoferlini ya sikio imo ndani ya zile seli 3,500, nazo zimo ndani ya mfupa mgumu kupita mifupa mingine ya mwili. Seli hizo zikiharibika kwa binadamu hazioti tena. Kwa hiyo hakuna daktari anayeweza kwenda kuchota kipande cha koklea ya mtoto ili akidondoshee kingamwili. Angekuwa amemtia uziwi katika kumpima. Ndiyo maana karibu yote tunayoyajua kwa kutumia kingamwili hizi yametoka kwa panya, na kwa mifupa ya masikio ya watu waliokubali kabla ya kufa kwamba miili yao isaidie utafiti.

Jibu la pili ni zito zaidi, na ndilo linaloiangusha kabisa hoja ya "kileteni kipimo". Tuchukulie kwamba ingewezekana kuzifikia seli hizo bila madhara. Bado kingamwili ingetuambia kama protini ipo. Isingetuambia kama inafanya kazi. Familia nyingi zenye uziwi huu hazikosi otoferlini kabisa. Wana otoferlini iliyokosewa herufi moja. Kingamwili iliyotengenezwa kushika sehemu nyingine ya protini hiyo ingeshikamana nayo vizuri, seli zingewaka, na mtaalamu angeandika "ipo" kwa mtoto asiyesikia. Wenye maabara za malaria wanajua tatizo linalofanana na hili kwa upande wa pili: huko Eritrea na Ethiopia wamepatikana vimelea visivyo na jeni ya HRP2, na kipimo kikasema hakuna malaria kwa mgonjwa anayetetemeka. Kwa uziwi wa kurithi, mahali pa kulitafuta jibu ni kwenye jeni, na jeni imo katika kila seli ya mwili, hata kwenye mate. Tone la damu au mate ya mtoto, yakisomwa kwa mashine ya kusoma vinasaba, yanaeleza kile ambacho kingamwili haiwezi kukieleza.

Kuna mfano mmoja wa kweli unaowapa nguvu wenye hoja ile, nao usifichwe. Sikio la ndani lina protini nyingine iitwayo koklini, ambayo ni nyingi sana humo. Watafiti wa Japani, wakiongozwa na Tetsuo Ikezono, waligundua kwamba ukuta kati ya sikio la ndani na la kati ukitoboka, kipande cha koklini huvuja na kinaweza kunaswa kwa kingamwili katika maji yaliyotumika kuosha sikio la kati. Hicho ni kipimo cha mgonjwa, si cha utafiti tu. Kwa hiyo si kweli kwamba kingamwili ya protini ya sikio haiwezi kamwe kufika kitandani kwa mgonjwa. Lakini tazama kilichowezesha: protini inavuja nje yenyewe, na ugonjwa ni huo uvujaji. Otoferlini haina mlango wa namna hiyo.

Sasa nigeukie wale wa "hayatuhusu". Kwa sauti ya juu wanasema kwamba mtoto wa Uvinza au Urambo anapoteza usikivu kwa sababu za kawaida mno: usaha wa masikio uliopuuzwa miaka, homa ya uti wa mgongo, manjano kali ya siku za kwanza, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, kwinini, na sindano za kundi la gentamaisini. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2021 kuhusu usikivu, linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 430 duniani wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, na milioni 34 kati yao ni watoto. Linasema pia kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto unazuilika. Basi, wanauliza, kwa nini tuhangaike na jeni moja inayogusa asilimia chache? Hoja hii ina uzito, na kama ningekuwa na shilingi moja tu ya bajeti ya masikio katika halmashauri ningeipeleka kwenye usaha kwanza. Ninapoachana nao ni pale wanapogeuza mpangilio wa vipaumbele kuwa sababu ya kutojua. Huwezi kusema uziwi wa kurithi ni mchache kwetu kama hujaupima. Na kuna sababu ya kuamini kwamba sura yake kwetu si ile iliyoandikwa vitabuni. Ulaya, jeni inayoongoza kwa uziwi wa kuzaliwa ni GJB2. Mtafiti wa vinasaba Ambroise Wonkam na wenzake walipowachunguza viziwi wa Kamerun na Afrika Kusini walikuta hitilafu za jeni hiyo ni adimu. Lakini katika kijiji cha Adamorobe nchini Ghana, chenye viziwi wengi kwa vizazi vingi, hitilafu moja ya GJB2 hiyohiyo ndiyo iliyokutwa. Hispania nako, hitilafu moja ya OTOF imejirudia katika familia nyingi kwa sababu ya asili moja ya kale. Afrika si moja, na jirani si kipimo cha jirani. Waha, Wanyamwezi, Wamanyema, na familia zilizovuka ziwa au mpaka wa Burundi, kila jamii inaweza kuwa na historia yake katika jeni hizi.

Na liko jambo moja kuhusu otoferlini ambalo, kwa maoni yangu, lingetosha peke yake kuwafanya madaktari wa mikoa hii wainue macho. Baadhi ya hitilafu za OTOF huathiriwa na joto la mwili. Mtoto anasikia, pengine si vizuri sana, lakini akipata homa usikivu unaanguka hadi uziwi mkubwa, na homa ikishuka unarudi. Imeandikwa katika majarida ya tiba kutoka nchi ambazo homa ya mtoto ni tukio la mara chache. Hebu lihamishie Kasulu au Nzega, msimu wa mvua. Mtoto anaugua malaria, haitiki anapoitwa, baada ya siku kadhaa anaitika. Bibi atasema ni malaria imempanda kichwani. Mganga wa zahanati atasema ni dawa. Wote wawili watakuwa sahihi mara nyingi, na ndiyo sababu yule mtoto mmoja ambaye kwake ni jeni hatajulikana kamwe. Sisemi wapo wengi. Ninasema mazingira yetu ndiyo yanayomficha kuliko mazingira yoyote, na anayesema hayatuhusu amejipa jibu kabla ya kupima.

Kingamwili yenyewe inatuhusu pia, kwa njia ambayo haionekani kirahisi. Turudi kwenye ile jeni iliyogawanywa mara mbili. Utajuaje kwamba nusu mbili zimeungana ndani ya seli na kutoa protini kamili, badala ya vipande visivyo na kazi? Walipojaribu kwa panya, watafiti walitumia kingamwili zinazoshika mwanzo wa protini na nyingine zinazoshika mwisho wake. Mwisho ukionekana, ndani ya seli ya ndani na si penginepo, ni ushahidi kwamba nusu ya pili imeungana na ya kwanza. Mwaka 2019 makundi ya Ufaransa na Ujerumani yalichapisha matokeo ya namna hii kwa panya waliozaliwa bila otoferlini. Bila hatua hiyo hakuna bodi ya maadili ambayo ingeruhusu sindano kuingia katika sikio la mtoto. Ndiyo kazi ya kingamwili hii: kumzuia mtafiti asijidanganye.

Nayo inaweza kumdanganya. Mwaka 2023 katika jarida la eLife lilitoka jaribio kubwa la kingamwili 614 zinazouzwa madukani kwa protini 65 zinazohusu mfumo wa fahamu. Nyingi zilishindwa kuikamata protini iliyoandikwa kwenye lebo zao. Kwa wastani, kwa kila protini, waandishi hao walikuta takriban makala 12 za kisayansi zilizokwisha kuchapishwa kwa kutegemea kingamwili ambayo haikuitambua kabisa protini husika. Dawa ya tatizo hili inajulikana: pima kingamwili yako kwenye mnyama aliyeondolewa jeni hiyo. Kama seli zake bado zinawaka, umenunua uongo. Ninalitaja hili kwa sababu tiba za jeni zikianza kuuzwa kwetu, zitakuja na waigaji wake. Atakuja mtu na kliniki mjini, na karatasi yenye picha zinazong'aa za kijani, akimwambia mzazi aliyeuza ng'ombe kwamba protini imeonekana, mtoto ametibika. Nchi inayohitaji kumkamata mtu huyo inahitaji vijana wanaojua kuuliza: kingamwili gani, ilipimwa kwa mnyama gani asiye na jeni, na hiyo sampuli ya koklea ya mtoto aliye hai uliipataje? Kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kipo Tabora, mkoa ulio katika ukanda wa malale. Si ndoto kwamba vijana wa aina hiyo wakatokea hapahapa.

Kuna sauti ya tatu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Tabora ndiko ilikoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki. Kwa zaidi ya miaka 60 watoto wamefika pale bila lugha yoyote na kuondoka wakiwa na lugha, marafiki, ufundi, na wengine wakawa walimu. Viziwi watu wazima wanapoona furaha yetu juu ya video zile huuliza kama tunawaona wao ni kosa lililopaswa kusahihishwa. Kinachonisikitisha katika mijadala ya mtandaoni ni kwamba wao hawaulizwi kabisa. Na sayansi yenyewe inawapa nguvu zaidi ya tunavyokiri. Yule mvulana wa Philadelphia alifikisha miaka 11 bila kusikia neno lolote, na madaktari wake walieleza kwamba huenda asijifunze kusema hata kama anasikia, kwa kuwa umri ambao ubongo hujifunza lugha kwa wepesi ulikwisha kupita. Kusikia si lugha. Mtoto aliyesubirishwa tiba bila lugha ya alama amenyang'anywa kitu ambacho sindano haimrudishii. Sikubaliani na wanaosema tiba isitafutwe. Mzazi ana haki ya kuitamani. Lakini tiba isiwe sababu ya kuchelewesha lugha hata kwa mwezi mmoja.

Basi tufanye nini, tukikubali kwamba kichupa kile si chetu kwa sasa? Kwanza ni kipimo cha mtoto mchanga, na hapa kuna mtego ambao haujadiliwi vya kutosha. Mashine nyepesi na nafuu ya kupima watoto wachanga husikiliza mwangwi mdogo unaotolewa na zile seli za nje za koklea. Ni kipimo kizuri, na pale kilipofika kiendelee. Lakini kumbuka otoferlini inafanya kazi kwenye seli za ndani. Mtoto mwenye hitilafu ya OTOF ana seli za nje zilizo nzima, mwangwi unatoka, mashine inaandika "amefaulu", na mama anarudi nyumbani Ujiji na mtoto asiyesikia chochote. Mtoto aliyepata manjano kali naye anaweza kurukwa kwa namna hiyohiyo, na hao kwetu huenda ni wengi kuliko wenye hitilafu ya OTOF. Kinachowanasa wote ni kipimo cha pili, kinachobandika vishikizo kichwani na kusoma mwitikio wa mshipa wa fahamu na shina la ubongo kwa sauti. Ni ghali zaidi, kinahitaji mtoto aliyelala na muuguzi aliyefundishwa. Kama fedha ni za mashine moja kwa Maweni na moja kwa Kitete, ziwekwe karibu na wodi ya watoto wachanga mahututi, na zianze na waliopata manjano, waliozaliwa njiti, na waliochelewa kulia. Kiwango kinachopendekezwa kimataifa ni kumpima mtoto kabla ya mwezi mmoja, kuthibitisha kabla ya miezi mitatu, na kuanza msaada kabla ya miezi sita. Msaada huo upo nchini. Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio mwaka 2017, na watoto wenye hitilafu ya OTOF ni miongoni mwa wanaofaidika vizuri na vifaa hivyo, kwa kuwa mshipa wao wa fahamu kwa kawaida ni mzima. Lakini mtoto anayegunduliwa akiwa na miaka mitano hafaidiki sawa na wa mwaka mmoja.

Pili ni vinasaba. Uziwi wa OTOF hurithiwa kwa baba na mama wote wawili, kila mmoja akiwa na nakala moja yenye kasoro na nyingine nzima inayomfanya asikie. Ukweli huu ukielezwa vizuri unaweza kuokoa ndoa. Nimesikia mara nyingi lawama zikimwendea mama peke yake, au zikimwangukia jirani kwa jina la uchawi, ilhali jibu lilikuwa nusu kwa nusu na bila kosa la mtu. Orodha ya kuanzia ipo: familia za wanafunzi wa shule za viziwi, wakitaka wenyewe. Na neno "wakitaka" lisiwe pambo. Mate yanayotolewa Tabora yasomwe ikiwezekana Moshi au Dar es Salaam. Yakilazimika kwenda nje, mkataba useme wapi yatatunzwa, kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuyafungua, na kwamba majibu yatarudi kwa familia kwa lugha wanayoielewa, pamoja na mkalimani wa lugha ya alama pale mwenye sampuli mwenyewe ni kiziwi. Majaribio ya tiba huhitaji watu ambao hitilafu yao inajulikana kwa herufi. Familia ya Sikonge au Buhigwe ambayo jeni yake haijasomwa popote haiwezi kuitwa kwenye jaribio lolote, hata tiba ikija kufanyika Dodoma.